Aliyeachia Ngazi

Miaka saba Abbo alipanda ngazi na Eriku akaishika. Ndivyo kazi ilivyokwenda katika ghala la mahindi la Madam Sandra pale Busia. Abbo, mjane kutoka Mulanda, ndiye aliyekabidhiwa bambo, kile chuma chenye tundu cha kuchomea gunia na kutoa punje za ndani. Wanunuzi wa ng'ambo ya mpaka hawadanganyiki na gunia la chini. Wanataka la juu kabisa, lililojificha chini ya mabati, wajue lina mahindi makavu au lina aibu.

Basi Abbo anavaa suruali ndani ya gauni, anafunga bambo kiunoni ili mikono yote miwili ibaki kwa ngazi, anapanda. Chini anabaki Eriku, Mteso mwenye mabega, mguu mmoja kidato cha kwanza, mikono imekamata miti, macho kwenye vidole vyake vya miguu kama mtu anayesali.

"Eriku, unaangalia wapi?"

"Naangalia ukucha wangu, dada. Umerefuka."

"Miaka saba hujaukata?"

Ghala zima linacheka. Lakini katika ngazi yenyewe hawakuwa na mzaha. Sakafu ilifagiwa kwanza, maana punje za mahindi juu ya saruji ni magurudumu. Ngazi haikusimama wima kama askari wala kulala kama mlevi. Na Madam alikuwa ameandikisha ukutani kwa rangi nyekundu: atakayepanda bila mtu wa kushika, hatapanda tena.

Siku moja ya soko, wengine wote wakiwa nyuma ya ghala wanapakia lori, Abbo akiwa kidato cha tisa, gunia lililotoboka likaanza kuvuja punje kimyakimya pale chini. Hilo peke yake lisingemwangusha, Eriku alikuwa ameshika. Ila mlangoni akaingia mama mkwe wa Eriku, kuuliza bei ya mahindi.

Sasa, kwa Wateso mkwe hasimami uso kwa uso na mama wa mke wake. Wakikutana njiani, mwanaume anaingia kichakani. Na huyu Eriku alikuwa amesimama na pua yake chini ya visigino vya mwanamke wa watu! Ghalani kichaka hakuna. Kulikuwa na maharage.

Akaachia. Akaruka nyuma ya magunia ya maharage.

Kumbe na mama mkwe alishauona ule mgongo, naye ana adabu zake. Akajifunika leso usoni, akageuka, akatoka mbio kuliko alivyoingia. Wawili wakakimbiana kwa heshima, na wa tatu akaanguka bila heshima yoyote. Ngazi iliteleza juu ya zile punje, Abbo akaulalia mkono wake wa kushoto, na mfupa ukalia kama kuni kavu.

Hakukasirika, hilo lijulikane. Kwao pia wakwe wanaogopwa. Kama si maumivu, angecheka.

Madam akaja mbio, na watu nyuma yake. "Nani alishika?"

Abbo akamwachia Eriku aseme mwenyewe. Eriku akatoka kwenye maharage, vumbi magotini.

"Madam, mimi nilimwambia angoje. Nilikwenda kukojoa. Yeye akapanda peke yake."

Abbo alidhani maumivu yamemharibia masikio. "Eriku?"

Eriku akaangalia vidole vyake vya miguu.

"Madam, alikuwa ameshika! Amemkimbia mama mkwe wake!"

"Mama mkwe yuko wapi?"

Wote wakageukia mlango. Kulikuwa na mbuzi. Mtu mmoja akacheka, na wengine wakamfuata. Kicheko kile kilimuuma Abbo kuliko mfupa.

Bambo akapewa Eriku.

Jumapili ya pili Eriku akamtembelea Abbo nyumbani, amebeba kilo ya sukari.

"Dada, unajua mwenyewe. Ningesema nini mbele ya watu? Kwamba mwanaume mzima nimejificha kwa maharage?"

"Ungesema hivyo hivyo."

"Wangenicheka."

"Mimi walinicheka nimevunjika."

"Basi nisamehe."

"Nikusamehe hapa? Ulinisingizia hapa?"

Eriku akaaga. Sukari Abbo aliitia kwenye chai, maana sukari haikusema uongo. Eriku ndiye aliyesema. Mikono ile Abbo alikuwa ameikabidhi shingo yake miaka saba, na shingo ni moja.

Baada ya miezi miwili alirudi kazini. Wakamkalisha mlangoni na wanawake wa kuchambua maharage. Eriku alipanda na bambo, Phillip, askari wa geti, akashika. Alipopishana na Abbo, Eriku alipata ghafla kitu cha kutazama darini.

Kisha Phillip akaenda mazishini Lunyo, na siku hiyo hiyo lori la mnunuzi likafika.

"Abbo," Madam akaita, "njoo ushike."

Abbo akaja. Akafagia sakafu taratibu, punje hata moja asibakize. Akainama kutazama mpira wa tairi uliovishwa miguuni mwa ngazi. Akaweka mguu kidato cha kwanza.

"Panda, ndugu yangu," akasema, sauti ina asali.

Eriku akapanda vidato vitatu, akatazama chini. "Umeshika?"

"Nimeshika."

"Kwa mikono yote?"

"Hata na ule uliovunjika."

Kidato cha tano akasimama, hapandi hashuki.

"Eriku!" Madam akafoka. "Lori linangoja!"

"Madam, leta mtu mwingine. Huyu ataniachia!"

"Akuachie kwa nini?"

"Kwa sababu mimi nilimwachia!"

Wanawake wa maharage wakaacha kuchambua. Eriku, amekumbatia ngazi kama mtoto mgongoni kwa mama, akayamwaga yote: mama mkwe, maharage, na mkojo ambao haukuwako. Watu wakacheka mpaka wakashikana. Abbo hakucheka. Mkono wa kushoto ulikuwa unamuuma, na hakuulegeza mpaka mguu wa Eriku ulipogusa saruji.

Madam akalivua bambo kiunoni mwa Eriku, akampa Abbo. "Haya, kazi kama zamani."

Upesi Eriku akaikamata ngazi, mikono miwili, mguu kidatoni. "Panda, dada. Nashika."

Abbo akaitazama ile mikono. Alijua kila kovu lililokuwa juu yake.

"Hapana," akasema. "Nitamngoja Phillip atoke kuzika."

Akakaa juu ya gunia, bambo mapajani, na dereva wa lori akapiga honi mpaka akachoka.