Dawati Lililo Karibu na Nyundo

Tone moja lilianguka gizani, kisha jingine. Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima wa Satellite tangu jua kuzama, na kibiriti hakionekani.

"Mama, mtungi unavuja," Nasambu akasema kutoka chini ya blanketi.

Philister akaupapasa mtungi pale mlangoni. Kweli, sakafu ilikuwa imelowa. Yeye aliyeketi karibu nao hakuwa amesikia kitu. Akaukaza mfereji, akaenda kuketi kitandani kwa binti yake na kuendelea pale giza lilipowakatiza: habari ya Kiingereza ya fundi cherehani aliyepoteza mkasi, ambayo aliikariri katika masomo yake ya jioni. Aliisema mpaka mwisho, kisha akauliza maswali. Mkasi ulikuwa wapi? Nani aliuona kwanza? Kwa nini mteja alicheka? Nasambu akajibu yote kwa Kiingereza, bila kukwama.

Juzi tu Mwalimu Thuo alikuwa amemsimamisha Philister langoni mwa shule na kumwambia kwamba mtoto huyu atarudia darasa la saba, asije akaishusha shule katika mtihani wa mwisho. Kusikiliza Kiingereza, alisema, kumemshinda kabisa.

"Mwanangu, wewe una masikio ya paka. Mbona karatasi yako ya mtihani wa kusikiliza imejaa makosa matupu?"

"Nakaa nyuma."

"Hata kama!"

"Nyuma kabisa, mama. Tunakaa kwa namba. Namba wani mbele, sisi wa mkia nyuma. Na nyuma ya ukuta ndiko kuna wale mafundi wa masanduku ya bati, wanagonga kutwa."

"Na ulifikaje huko mkiani, wewe?"

"Si ile wakati nilishikwa na matumbwitumbwi? Sikufanya mtihani, nikawa wa mwisho. Sasa mwalimu akisoma sisikii, nafeli, nabaki hapo hapo."

Philister alihisi uso ukimwaka moto. Mtoto anapimwa masikio, halafu anawekwa mahali ambapo hata ng'ombe hawezi kusikia! Na mwaka mzima hakuna aliyeona ajabu!

Asubuhi hakwenda moja kwa moja Muthangari, alikofanya kazi ya kulea watoto wa Bi Kanchan. Bi Kanchan angengoja. Alimkuta Mwalimu Thuo mlangoni mwa darasa, chaki mkononi.

"Mama Nasambu, mpango wa kuketi kwa namba unawatia watoto bidii," mwalimu akasema.

"Bidii ya kusikia nyundo?"

"Nasikia na wewe siku hizi unasoma ngumbaru." Akatabasamu. "Kwa hivyo unajua kidogo mtihani ni nini."

Ngumbaru! Jina la kuchekea watu wazima wanaojifunza kusoma. Philister alilimeza.

"Sawa, mwalimu. Ngumbaru ataketi na mtoto wake kule nyuma. Wewe soma."

Thuo akacheka. "Haya. Mkisikia, Nasambu anarudia darasa na hatusumbuani tena. Msiposikia, ule mtihani nautupa, ataufanya upya."

Philister akajibana na binti yake kwenye dawati la mwisho, magoti yakigusa mbao zake. Thuo akafungua kitabu. Nyuma ya ukuta wa mabati, pa! pa! pa! Mafundi walikuwa wakikunja kona za masanduku ya watoto wa bweni. Midomo ya mwalimu ilifunguka na kufungika. Philister alidaka neno moja, mto, kisha daraja, kisha nyundo, nyundo, nyundo.

"Mmeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu!" darasa zima likaimba.

Na Philister akasikia sauti yake mwenyewe ikiimba nao.

Alitamani kujizaba kofi. Ndivyo walivyojibu wote, tangu chekechea, na ndivyo yeye alivyojibu kila jioni darasani mwake kwenye ukumbi wa kanisa, hata alipokuwa hajaelewa chochote. Mwalimu akiuliza, mdomo unajibu wenyewe.

"Mnaona?" Thuo akasema. "Hata mama mwenyewe ameelewa." Madawati ya mbele yakaangua kicheko.

Philister akasimama. "Nimejibu kwa mazoea! Nimesikia nyundo tu, na hawa watoto wamesikia nyundo tu. Wanakuitikia ndiyo kwa sababu wakisema la, kiboko kiko mezani!"

"Usiwasemee, mama. Wana midomo." Thuo akanyoosha shingo kutazama mstari wa nyuma. "Haya, nani hajasikia?"

Mstari mzima ukainamia madawati. Mmoja akauma penseli yake. Philister aliwatazama mmoja mmoja. Hili hakuweza kuwasemea.

Nje, nyundo zikatulia kidogo. Labda fundi alikuwa akichukua bati jingine. Benchi likalia. Nasambu alikuwa amesimama, mkono mmoja umeshika sweta ya mama yake.

"Mwalimu," akasema, "huku nyuma hatusikii."