Fundo la Luhaga

Mkwe wangu Luhaga ni mfugaji wa Misungwi, na maisha yake yote amefunga ng'ombe kwenye miti. Mti unabaki, ng'ombe ndiye anayezungukazunguka. Basi Jumatatu ile, alipomaliza kunioshea mtumbwi hapa Pasiansi kando ya ziwa, akaona majani mabichi yamesongamana ufukweni, akafunga kamba hapo hapo. Nguzo ya kufungia ilikuwa hatua tano tu kutoka alipokuwa.

Asubuhi hakuna majani, hakuna mtumbwi.

Jamani, yale ni magugu maji. Mizizi yake inaning'inia tu majini, haijashika chini. Upepo wa usiku ukivuma kutoka nchi kavu yanakwenda nao. Hata mtoto wa chekechea wa huku anajua. Na marehemu mume wangu Otuoma aliniachia mtumbwi ule mmoja tu. Wavuvi wanaukodi, sangara wanakwenda kiwandani, mimi nakula. Usiporudi, sili.

Nilitaka kumfokea mpaka sauti ikauke. Lakini mkwe ni mkwe. Sisi Wajaluo mama hamsemeshi mume wa binti yake, na kwao Usukumani ni hivyo hivyo. Nikabaki kumfokea binti yangu Ajwang, aliyesimama katikati yetu.

"Ajwang, muulize mwenzako kama kwao majani yana miguu."

"Luhaga, mama anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie mama shikamoo, na kwamba mimea haitembei. Tulifundishwa shuleni."

Shikamoo, eti. Nikaingia ndani nikasonga ugali ukawa mgumu kama tofali.

Yeye akaondoka kwa miguu kuufuata ufuko. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili Ajwang analia, na mimi nimechoka hata kukasirika. Naogopa tu.

Siku ya tatu mchana, upepo ukitoka ziwani, nikaona rundo la magugu linakuja. Mbele yake mtumbwi, na ndani Luhaga, anapiga kasia ovyo. Ameukuta ufukweni huko Kayenze. Kamba hakuifungua, ameyaburuta magugu yote mpaka kwangu.

"Ajwang," akasema, akihema, "mwambie mama aje aone. Fundo langu halikulegea."

Miaka minne ya ndoa yao sijawahi kulitamka jina lake mbele yake.

"Luhaga," nikasema. "Fungua. Kisha njoo nikuonyeshe nguzo."

Akageuza uso pembeni kwa heshima, akaanza kufungua.