Vitabu vya Bahari vya Mwalimu Idarus

Orodha ndiyo iliyomponza Idarus. Si deni, si fitina za mtaa, si ulimi mrefu. Ni orodha ya vitabu kumi, aliyoiandika kwa hati yake nzuri ya karani na kuibandika mlangoni pa chumba cha kusomea pale Mtongwe, ng'ambo ya bandari ya Kilindini. Mtu amekaa bandarini miaka ishirini na sita akiandika orodha za magunia na makasha, hakuna gunia hata moja lililomletea balaa. Anaandika orodha moja ya hadithi, basi yamfika.

Haya, na tuyaseme yalivyokuwa. Alipostaafu mwaka wa sitini, mgongo umekwisha, kamati ya mtaa ilimpa ufunguo wa chumba kile kwa kuwa alijua kusoma Kiingereza na hakuwa na kazi nyingine. Vitabu vilivuka na feri kutoka kisiwani ndani ya kasha moja. Vilikuwa arobaini, mali ya nahodha mmoja wa Kizungu aliyekuwa amekufa, na vyote, cha kwanza hadi cha mwisho, vilikuwa riwaya za bahari. Kamati ikamwambia avisome, achague vilivyo bora, na juu ya kila kimoja aandike maneno mawili matatu ili watu wavutiwe. Idarus alisoma miezi minne. Macho yalimwasha, mgongo ukamuuma, dhoruba zikaanza kufanana. Mwishowe akachagua kumi, akashukuru Mungu kwamba amemaliza.

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa wema. Vile ambavyo watu huzama wasirudi, hakuvitia. Alikuwa mtu mzima aliyekwisha kuzika wazazi na ndugu na rafiki, naye hakuona kwa nini amsifie mwenziwe kitabu kitakachomharibia jioni. Katika vile kumi, mabaharia hupigwa na mawimbi, hukaa na njaa, hutafuna ngozi za viatu vyao, lakini hurudi kwao. Cha kwanza katika orodha kilikuwa cha baharia aliyeishi peke yake kisiwani miaka kumi na mmoja, akila kasa na mayai ya ndege, hata siku moja akaja akabisha hodi nyumbani kwake. Chini ya kitabu hicho Idarus aliandika: "Kinapendekezwa sana. Huyu alingojwa, na akaja."

Watu wakacheka. Mtongwe maji yako nyuma ya nyumba, nani wa kwenda kuisoma bahari? Tena hicho Kiingereza waliokijua ni wangapi? Idarus, kwa kuwa hakutaka miezi minne yake iende bure, akaamua kuwasomea mwenyewe. Kila Jumatatu na Alhamisi baada ya sala ya alasiri aliketi barazani kwake, kitabu pajani, akapitisha macho kwenye ukurasa kisha akausema kwa Kiswahili, mpaka watu wakamwita mwalimu. Wanaume walikaa naye nje. Wanawake walikaa ndani na mkewe Dhahabu, nyuma ya pazia la mlango. Wakati ule kila baraza lilikuwa na ubishi wa mwambao, nani atamtawala nani Mwingereza akiondoka, na wengi walikwenda kwa Idarus ili masikio yao yapumzike.

Mzee Jaffar hakwenda kupumzika. Mzee huyu alitia makaa melini miaka thelathini, mikono yake ilikuwa makovu ya moto mpaka viwikoni, na alikwenda kukosoa.

"Yakhe, hebu simama hapo," alisema siku moja katikati ya dhoruba. "Nahodha yuko juu, sarahangi na mabaharia wake wako juu, wote wako juu wameshika kamba. Nani anatia makaa?"

"Hii ni meli ya matanga, Mzee Jaffar."

"Na ile ya juma lililopita? Ile ilikuwa na dohani, umesema mwenyewe. Inakwenda kwa dua?"

Watu walicheka mpaka pazia likacheka. Idarus akageuza ukurasa akaendelea, maana kitabu chenyewe hakikusema.

Basi katika wale wa nyuma ya pazia alikuwapo mmoja asiyekosa hata siku moja. Alikuwa Mwanarehema, mwanamke wa miaka thelathini na miwili, jirani wa nyumba ya tatu. Mumewe, Faki bin Shee, naye alikuwa mtia makaa. Mwaka wa hamsini na nane aliondoka Kilindini na meli moja kuukuu iliyopakia kwenda Australia, na meli ile haikufika. Haikuonekana ubao, haikuonekana mashua, haikuonekana mtu. Idarus alijua hayo kama alivyoyajua mtaa mzima. Lakini kujua jambo na kuliweka akilini ni mbali mbali, na yeye alikuwa amechoka.

Aliyemwekea akilini ni Ishaka, kakake Mwanarehema, aliyefanya kazi ya kufunga kamba kwenye feri ya Likoni. Alikuja Ijumaa moja asubuhi, hakukaa hata alipokaribishwa.

"Mwalimu, nakuheshimu," alisema. "Lakini umenivunjia nyumba."

"Mimi? Nimefanya nini?"

Ishaka akatoa barua mfukoni, imekunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imetoboka. Ilitoka kwa wenye meli. Ilisema kwamba baada ya miaka miwili ya kutafuta na kuuliza, meli imehesabiwa kuwa imezama na watu wake wote.

"Nimemchukulia barua hii kadhi," akasema Ishaka. "Kadhi ameniambia, mlete dada yako, aombe mwenyewe, nami nitaitazama barua na kuhukumu. Akishahukumu, dada yangu atakaa eda yake miezi minne na siku kumi, kisha awe mtu huru. Sasa ni nini? Mume hana, eda hana. Harusini hajipambi, matangani hahesabiwi mjane. Mwaka jana nilikuwa nimemlainisha, akakubali twende. Hivi sasa hataki kusikia. Na unajua ananijibu nini?"

Ishaka akaikunja barua, akairudisha mfukoni.

"Ananiambia, Mwalimu Idarus amesoma kuna aliyerudi baada ya miaka kumi na mmoja. Mimi huu ndio kwanza wa tatu."

Ishaka alipokwisha kwenda, Idarus alibaki amekaa pale pale mpaka adhana ya adhuhuri. Alijisikia vibaya. Alitaka kukasirika, akatafuta wa kumkasirikia asimpate. Dhahabu akatoka na kikombe cha kahawa, na uso wake ulionyesha kwamba amesikia yote.

"Wewe hukujua?" Idarus akamwuliza.

"Nilijua, Baba Tima."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema mambo ya wanawake." Akaketi, akajipepea kwa ncha ya leso. "Kila Alhamisi ukimaliza kusoma, Mwanarehema anakwenda kwake, anawasha pasi ya makaa, anaipiga pasi kanzu ya Faki ya Ijumaa. Kola, mikono, yote. Mwaka jana alikuwa ameacha. Ameanza tena tangu kile kitabu chako cha kasa. Wewe ukisoma waenda kulala, mwenzio akisikia anakwenda kupiga pasi."

Jioni ile Idarus alimwita Mwanarehema. Alikuja na Dhahabu, akaketi kitako kizingitini, buibui limemfunika mpaka kidevuni, uso mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuita nikuambie jambo moja tu. Hizi ninazosoma ni hadithi za kutunga. Mtu amekaa na kalamu akazitunga."

"Hilo nalijua, mwalimu."

"Basi usizishike."

"Lakini si ulisema hao waliotunga wengi wao walikuwa mabaharia? Baharia atatunga jambo asilolijua?" Alisema polepole, kama mtu aliyekwisha kulipitia neno lile mara nyingi peke yake. "Tena vyote kumi wanarudi. Lau ningesikia kimoja ambacho hawarudi, ningeogopa. Sijasikia."

Idarus akaona haya. "Viko," akasema. "Katika kasha viko vingi."

"Mbona hukuvisifu? Havikuwa vizuri?"

"Vilikuwa vizuri. Vingine vilipita hivi kwa uzuri. Vilinichosha, mwanangu."

Uani kuku walikuwa wakigombania nafasi ya kulala. "Hata mimi nimechoka, mwalimu," akasema Mwanarehema. "Usifikiri sijachoka. Mama yake Faki amekufa, baba yake amekufa, ndugu hana. Nikiacha mimi, atakuwa hana mtu duniani anayemngoja. Sasa nitaachaje?"

Kwa neno hilo Dhahabu, mwenye jibu kwa kila mtu, alimshika mkono tu akamsindikiza kwake.

Idarus hakulala vizuri siku zile. Jumatatu alisema anaumwa mgongo, na haikuwa uongo, ila si mgongo uliomzuia kusoma. Jumatano akaenda chumbani, akafungua kasha, akatoa kitabu alichokiacha chini kabisa. Kilikuwa cha meli ya makaa iliyozama na wote waliomo. Alikuwa amekisoma mara moja tu, akakifunga na kuapa asikiguse tena.

Alhamisi baraza lilijaa. Idarus alisema hiki hakimo katika orodha, kisha akaanza. Kilikuwa kifupi, na watu walipoomba aendelee aliendelea, akakatiza kwa sala ya magharibi tu. Waliporudi wakawasha taa ya kandili. Mzee Jaffar hakukosoa hata mara moja, maana safari hii kitabu kiliteremka chini. Kilikuwa na tanuri, kilikuwa na sepetu, kilikuwa na jasho na vumbi la makaa na watu wanaopokezana maji ya kunywa katika mkebe mmoja. Mzee alikuwa ameinama mbele, mdomo wazi kidogo.

Idarus alipofika kurasa za mwisho, ulimi wake ulisita. Kiswahili kilikuwa kinywani mwake mwenyewe. Nani pale angejua? Angeweza kuleta meli nyingine ikapita jirani. Angeweza kuteremsha mashua moja, akawatia ndani watu wawili watatu, akawafikisha pwani wamelowa na wazima, na baraza lingesema alhamdulillahi na kwenda kula. Siku nyingine zote alikuwa amefanya wema wa namna hiyo. Alivua miwani, akaipangusa kwa kanzu, akaivaa, akasema kilichoandikwa.

Akasema kwamba maji yaliingia, na wa juu wakaufunga mlango wa chini ili meli ipate kuelea saa moja zaidi. Akasema saa ile moja haikumsaidia mtu. Akawataja waliokufa kama kitabu kilivyowataja: nahodha kwa jina lake na la mji wake, msaidizi wake kwa jina, mpishi kwa jina. Na watia makaa kumi na mmoja. Mwisho. Akafunga kitabu.

Hakuna aliyeinuka. Mzee Jaffar alikuwa akiitazama mikono yake.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema mzee, na akakunjua viganja. "Al-Fatiha."

Kijana mmoja aitwaye Kombe, mchuuzi wa samaki, akamwinamia sikioni. "Mzee, hao ni wa kitabuni. Tena Wazungu."

"Waliokuwa chini si Wazungu. Mimi nimekaa huko, nawajua," akasema Mzee Jaffar, wala hakupandisha sauti. "Kunjua mikono."

Kombe akakunjua. Wote wakakunjua, watu wazima kumi na wanne na akili zao timamu, wakawasomea Fatiha watu ambao hawakuzaliwa. Mwanachuoni angewacheka. Idarus naye alisoma.

Walikuwa bado hawajapangusa nyuso pale sauti ilipotoka nyuma ya pazia. Mwanamke hazungumzi na baraza la wanaume namna ile, na watu wakageuka.

"Mwalimu."

"Naam, mwanangu."

"Hao kumi na mmoja hawakutajwa majina?"

"Hawakutajwa. Kimesema hesabu yao tu."

Idarus aliona vidole vya mtu vimeshika ukingo wa pazia, vimeshika sana.

"Basi mmoja wao mtajeni," akasema Mwanarehema. "Ni Faki bin Shee. Hana mwingine wa kumwombea. Msomeeni kwa jina lake. Na mwambieni kakangu, Jumamosi anipeleke kwa kadhi."

Mzee Jaffar akakunjua tena mikono, akamtaja Faki bin Shee, akaanza upya, na wote wakamfuata. Ndani Mwanarehema akalia, kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa hamsini na nane, na Dhahabu hakumnyamazisha.