Karatasi Ine ya Mwisho

Mutu akipasua kitabu yako, usimuite mwizi. Mwizi anabeba kitu juu iko na njaa nayo. Mupasua-kitabu hana jina, na mimi Kaswera nimemutafutia hiyo jina mupaka nimechoka. Lakini acha nianze vizuri, kasirani isinipotezee njia.

Niko na nyumba kidogo ya mbao hapa Mudzipela, karibu na soko. Mbele nauzisha sabuni na chumvi. Ndani iko banki moja ya kuikalia, na ukutani mbao tatu zenye kujaa vitabu. Ni vitabu ya marehemu bwana yangu Mumbere, alikuwa mwalimu. Wakati alikufa, ndugu zake walitoka Butembo, wakabeba kitanda, viti, ata sufuria ilikuwa na mboga ya sombe ndani. Vitabu wakaacha, wakasema ni takataka. Na mimi nilikuwa nawachekea, nikawapikia na chai, juu nilisikia haya kukatalia watu. Ile chai inaniuma mupaka leo.

Mbao ya chini ni vitabu ya hadisi. Ya katikati ni ya uongozi, ile yenye kuwa na wanaume wa kravati kwenye jalada, wamekunja mikono. Ya juu inafundisha namna ya kuishi na watu: kusalimia, kusikiliza, kukataa bila kukosana. Mutu yeyote anakuja anasoma, ni bure, lakini iko sheria mbili. Unanawa mikono kwanza, beseni iko pa mulango. Na kitabu haitoke. Hii ya pili nilivunja juu ya mutu mumoja tu, Élisée, juu yeye ni chefu wa avenue yetu na mimi ni mujinga.

Wanaume wote wanasomaka mbao ya katikati. Wote wanataka kuongoza, sijui nani atabakia wa kuongozwa. Mimi mwenyewe nilimaliza hiyo ya katikati na ya juu. Ya chini nilikuwa napanguza tu vumbi. Ilikuwa na musomaji mumoja, Mama Gertrude.

Gertrude ni mama wa miaka makumi sita na kitu. Alijifunza kusoma kanisani juzi tu, miaka mbili haijaisha. Anasoma na kidole, midomo inatembea, na tangu Pasaka iko paka mu kitabu moja tu. Ni hadisi ya mujane mumoja, Veronika, wakwe zake wanataka kumunyanganya shamba. Kuna siku Gertrude anagonga banki na mukono, anaambia kitabu: usiwaachilie, dada. Wanaume wenye kusoma vitabu ya kravati wanageuka wanamuangalia. Yeye hana habari nao.

Na alikuwa na sababu. Bwana yake Christian alikufa mwaka jana, akamuachia parcelle, kiwanja yenye nyumba ya vyumba mbili. Shemeji yake, Fabrice, anachimbaka zahabu kule Nizi. Shimo yake ilijaa maji, sasa anataka kuuzisha parcelle ya marehemu ili afungue shimo ingine. Aliandikisha karatasi kwamba mujane amekubali mwenyewe, atarudia Kpandroma kukaa nyuma ya jikoni ya watu wa bwana yake. Ilikosa paka alama ya kidole ya Gertrude tu. Mukutano wa jamaa ukawekwa siku ya posho, Jumamosi, na mwenye kuuongoza ni chefu Élisée.

Gertrude aliniambia hatajibu mutu mbele hajamaliza kitabu. Nilicheka. Nikamuambia, Mama, hiyo ni hadisi, hii yako ni parcelle. Akasema Veronika alitangulia, anataka kuona alipita wapi.

Katikati ya juma, Élisée akakuja kukamata kitabu yake ya uongozi ya kusomea nyumbani. Akaona uzi mwekundu, ule Gertrude anawekaka pale amefikia, mu kile kitabu cha chini, akauliza ni nini mama zetu wanasomaka. Akabeba na hiyo. Kesho yake jioni akarudisha yote mbili, akashukuru vizuri sana. Asubuhi yenye kufuata, siku moja mbele ya mukutano, Gertrude akanawa mikono, akafungua pa uzi. Akageuza paji mbili. Kidole ikasimama.

Karatasi ine ya mwisho haikuwako. Na haikuanguka yenyewe: ilikatwa na wembe, karibu kabisa na mushono. Gertrude alipitisha kidole pale, sawa vile mutu anagusa kidonda ya mutoto. Alifunga kitabu, akaenda kwake. Mimi nikafunga duka, nikaacha sabuni inje.

Nilimukuta Élisée ofisini kwake. Nilikuwa nimeshapandisha sauti tangu barabarani. Yeye akashusha yake. Ile njo shapitre, sura ya ine, ya kitabu yangu mwenyewe ya uongozi: mwenzako akipandisha, weye shusha. Akanipa kiti, ni shapitre ya pili. Akaniita Mama Kaswera mara tatu mu maneno mbili, ni shapitre ya kwanza. Mungu wangu, mutu anakuibia na anajikinga na weye kwa fimbo yenye ulimuazima weye mwenyewe.

Hakukana. Alisema aliitoa juu ya amani, juu Gertrude anachanganya hadisi na maisha, na kiongozi mwenye akili anazima moto ingali kidogo. Nikamuambia anirudishie. Akasema aliichoma. Kisha akasema, na ile sauti ya asali, kwamba ata hivyo mwisho ni muzuri: Veronika anatia kidole, anaenda kukaa na wakwe, wanamupokea na mikono mbili.

"Ni bongo, ni uongo," nikasema.

"Mama Kaswera," akasema, "weye uliisoma?"

Miaka yote hiyo natapanya akili ya bwana yangu kwa watu, na hiyo kitabu sikuifungua ata siku moja. Nilikuwa na kasirani juu yake, na ingine kubwa zaidi juu yangu, nikasimama niende. Akanisindikiza mupaka mulangoni. Ile pia iko mu kitabu.

Nilipofika kwa Gertrude, nikakuta Élisée alikuwa ameshatuma mutu kumuambia ule mwisho. Nilimuambia Gertrude ukweli wote: kwamba ni chefu alikata, kwamba mimi nilimupa kitabu, kwamba mimi sikuisoma na siwezi kumuambia kama ni kweli ao ni bongo. Alikuwa anachagua maharagi. Aliendelea kuchagua. Mwisho akasema atafikiri, na niende nichunge sabuni yangu isiibiwe.

Siku ya posho asubuhi tulikaa mu lupango, uwanja wa nyumba ya Gertrude. Fabrice alikuwa na viatu mupya. Muzee Michel, baba mudogo wa marehemu, alitoka Kpandroma na basi ya asubuhi ya jana, alikuwa na usingizi. Jirani walisimama pa ukingo. Élisée aliweka mezani karatasi na kile kisanduku kidogo cha wino wa kidole, akasema maneno marefu ya uongozi na umoja. Mara ya jamaa, mara ya mashua moja. Kisha akageukia Gertrude, akamuambia ata Veronika wa kitabu yake alitia kidole na akapata raha.

Gertrude alikuwa na kitabu kwenye magoti; nilikuja nayo mimi mwenyewe, sikuiazima mutu. Hakuifungua.

"Chefu," akasema, "mimi na huyo mwanamuke tumetembea pamoja tangu Pasaka. Wakati walileta ng'ombe ikule mihogo yake, alilala chini mu mulango wa shamba, ng'ombe ikageuka. Wakati walimutumia pasta wa kanisa, alimupa maji ya kunywa na akamurudisha. Wakati mutoto yake mwenyewe alimuambia aachilie, alilia usiku yote, na asubuhi akaenda kulima. Weye unaniambia mutu wa vile, mu karatasi ine, alitoa kidole. Mimi si mutu wa masomo mingi. Lakini huyo namujua, na hawezi."

Muzee Michel usingizi ilimuisha.

Gertrude alisukuma kile kisanduku cha wino na kidole moja, mupaka kikafika mbele ya Fabrice. Akaniomba biki. Nikamupa ile yenye naandikia bei. Akavuta ile karatasi, na pale waliacha nafasi ya kidole yake, akaandika, herufi moja moja, ulimi pa mudomo: *Mimi Gertrude nimekataa.* Ilimukamata wakati murefu. Wote tulingojea, na hiyo peke yake ilinifurahisha, kuona hao wanaume wanangojea mama aandike.

Fabrice alisimama, akaanza kusema mambo ya desturi. Muzee Michel akamuambia akae, kwamba yeye mwenyewe aliambiwa mujane amekubali, njo maana alikuja, na kumbe hakukubali. Akasema tena parcelle ya Christian iko na mwenyewe, na mwenyewe iko anaikalia.

Élisée, yeye, alicheka na meno yote. Shapitre ya mwisho: ukishindwa, ukuwe wa kwanza kupongeza. "Mama Gertrude," akasema, "nimekusikia, Mama Gertrude."

"Kama umenisikia," Gertrude akasema, "rudisha karatasi yangu."

Na mukono wa chefu ukaenda peke yake kwenye mufuko wa koti. Haukufika, aliukamata katikati, lakini siye wote tuliuona. Mutu mwenye kuchoma kitu hagusake mufuko. Nikasimama mbele yake, nikanyoosha wangu. Sikupandisha sauti ata kidogo, na mimi nilisoma shapitre ya ine. Alitoa zile karatasi ine, zimekunjwa vizuri. Na kwenye moja, nakuapia, alikuwa amepigia mistari chini ya maneno mazuri.

Tangu ile siku hakuna kitabu inatoka kwangu, ata ukuwe chefu wa dunia.

Lundi, Jumatatu asubuhi, Gertrude alifika, akanawa, akaikala pa nafasi yake na karatasi ine kwenye magoti. Alisoma mupaka saa sita. Mara moja alicheka sana, ile kicheko ya mutu mwenye alijua. Siku hiyo sikuuzisha kitu vizuri, nilikuwa paka nachungulia. Mwisho nikashindwa, nikaenda kumuuliza Veronika alifanya nini.

Aliweka karatasi ndani ya kitabu, akafunga, akaifungua tena pa paji ya kwanza. Akasogea kidogo kwenye banki ili nipate nafasi.

"Soma weye mwenyewe," akasema. "Lakini nawa mikono kwanza."