Nyuzi Ishirini na Saba

Mwashi alimtumia Randa namba tatu tu kwenye simu: 210, 170, 90. Hakuna mchoro, hakuna hata salamu. Zilikuwa sentimita za dirisha la pembetatu juu ya ngazi za daktari wa meno, na daktari alitaka fremu ifike Ijumaa, maana Jumamosi wapaka rangi walikuwa wanaingia.

Randa alikuwa ameifanya kazi ya useremala kwa miaka ishirini. Jina hilo lilimganda tangu anajifunza kazi, kwa kuwa hakukubali mtu mwingine aiguse randa yake ya kulainishia mbao. Siku nyingine angelaza vibao vitatu sakafuni, akaziona pembe kwa macho, akamaliza. Lakini karakana ilikuwa imejaa makabati yenye vanishi mbichi, hakuna pa kuweka mguu. Isitoshe, alikuwa na mashine mpya ya kukatia, yenye duara la chuma lililochongwa alama za nyuzi za pembe, na alitaka kuitumia kama inavyotakiwa. Mashine haikuuliza urefu wa upande. Ilitaka pembe.

Mtu wa kumuuliza alikuwa mmoja tu, naye ndiye ambaye Randa alikuwa akimkwepa. Dada yake mkubwa alifundisha hisabati mpaka akastaafu, na mwaka mmoja alimfundisha Randa mwenyewe. Siku ya matokeo alisoma alama za mdogo wake mbele ya darasa zima, nne kwa mia, akampita kama hamjui. Randa hakusahau.

Hata hivyo akapiga moyo konde, akampigia. Dada hakumpa majibu. Alimpa njia, kwa sauti ileile ya darasani. Chukua pande mbili zinazoishika pembe, kila moja uizidishe kwa yenyewe, ujumlishe. Toa upande unaoitazama pembe, nao uliozidishwa kwa wenyewe. Gawanya kwa mara mbili ya zile pande mbili zikizidishwa pamoja. Hiyo ni kosaini. Bonyeza kitufe cha kuigeuza, utapata nyuzi. Randa aliandika kila neno nyuma ya kipande cha msasa.

Ilimchukua asubuhi nzima. Pembe mbili zilikuja bila matata: hamsini na mbili, na ishirini na nne na nusu. Ile kubwa, inayoutazama upande wa 210, ilimsumbua. Kila alipopiga hesabu, kikokotoo kilimletea 0.232 yenye alama ya kutoa mbele. Akafuta, akarudia, ikarudi vilevile. Akaona ni vidole vyake vinene vinavyokosea, kwani nani alishaona kitu chenye kosaini pungufu ya sifuri? Akaiacha ile alama, akabonyeza kitufe, akapata sabini na sita na nusu.

Mbao aliyoikata alikuwa ameiweka miaka minne ikauke, nyekundu, nzito kama chuma, ileile aliyotengenezea milango ya daktari. Kila ncha aliikatia nusu ya pembe yake. Kona ya kwanza ikashikana, ya pili ikashikana kiasi cha kupitisha ukucha bila kuhisi kitu. Ya tatu ikagoma. Ncha za nje ziligusana, ndani pakabaki pengo la kuingiza ngumi. Akasukuma, akabana kwa jiriwa, akatukana kimoyomoyo. Kukata upya kusingesaidia, maana vipande viwili vilikuwa vimeshaliwa mno.

Akampigia dada yake damu ikimchemka.

"Hesabu zako zimeniharibia mbao."

"Jumlisha pembe zako," dada akasema.

Randa hakutaka kujumlisha chochote, lakini akajumlisha. "Mia moja hamsini na tatu."

"Pembetatu hiyo haipo. Zimepotea nyuzi ishirini na saba. Ipi ilikutatiza?"

Randa akamweleza kuhusu alama ya kutoa, na jinsi alivyoiacha.

"Ile alama ndiyo inayosema pembe imezidi tisini," dada akasema. "Ni mia na tatu na nusu."

"Hukuniambia."

"Sikukwambia." Akavuta pumzi. "Hata darasani sikuwa nikilisema hilo. Nilidhani kila mtu analiona."

Randa alingoja neno la pili, hata pole, asilipate. Dada aliuliza tu kama mbao ilikuwa ya thamani. Randa akajibu ilikuwa, wakaagana.

Akachukua njiti tatu za kiberiti, akazivunja kwa makadirio ya zile namba, akazilaza mezani. Kona ikafunguka waziwazi, pana, ya kuonwa na yeyote. Dakika moja tu ingetosha kuliona kosa. Akazifagia kwa kiganja, akainamisha kichwa juu ya mashine, na kwa muda mrefu hakuigusa.

Mbao nyekundu haikutosha tena, ikabidi atumie ya njano. Alikata akiwa ameuma meno, na safari hii kona zote tatu zikafunga. Fremu ilifika Jumatatu. Wapaka rangi walikuwa wameuruka ukuta ule, na mwashi akajitia hamnazo kana kwamba namba hazikutoka kwake. Dirisha liliingia bila kugongwa hata mara moja.

Daktari wa meno alisimama chini ya ngazi, akaliangalia kwa makini.

"Limekaa vizuri," akasema. "Ila mbona halifanani na milango?"

Randa alikuwa akikusanya vifaa vyake. Alimjibu kwamba mbao ile ilikwisha, akashuka ngazi.