Majibu ya Ufuta

Kila Nasma alipopepeta ufuta uani kwake, kijijini Matambarale, mbegu ziliangukia mkekani zikiwa zimejipanga kuwa maandishi. Mwaka wa kwanza yalikuwa majibu sahihi ya mtihani wa darasa la saba, ule ambao baba yake alimwamuru aufeli, naye kwa utiifu akaufeli. Miaka iliyofuata ufuta ukasonga mbele: mito ya Afrika, mzunguko wa damu, aljebra. Nasma alisoma, akaelewa, kisha akazoa na kutia guniani. Sasa ana elimu nzima ya kidato cha nne, ila cheti ndicho hana.

Majirani walishazoea. Walikuja kuazima kinu, wakauzunguka mkeka wasije wakavuruga sentensi.

Mwaka huu ikawa zamu ya bintiye, Rukaiya. Wiki moja kabla ya mtihani, Anuari, mumewe Nasma, alimwita mtoto.

"Ukaandike makosa. Ukifaulu utapangiwa shule ya mbali, ukapange chumba, urudi na mimba."

Nasma alikwenda kwa Mwalimu Harithi wa madrasa. Mwalimu akasema kutafuta elimu ni ibada, kwa mwanamke kama kwa mwanamume. Nasma akavuka barabara hadi kwa Anselmo, katekista wa kanisani. Naye akasema akili ni zawadi ya Mungu, kuifukia ni dhambi. Walikubaliana kwa kila kitu, hata kwa hili: mwenye kauli ni baba wa mtoto. Nasma alirudi nyumbani na hasira isiyokuwa na pa kwenda.

Asubuhi ya mtihani alimfunga Rukaiya ushungi, akamnong'oneza, "Andika unachokijua, mwanangu." Mtoto akaitikia kwa kichwa.

Alasiri alirudi, akavua viatu mlangoni.

"Umeandika nini?" mama yake akamuuliza.

"Alichosema baba."

Anuari alimsifu kwa adabu yake, akaenda zake msikitini. Nasma akatoka uani na ungo, akapepeta mbegu za kupanda, machozi yakimtoka bila sauti. Rukaiya akachukua ungo mwingine amsaidie. Mbegu zake zikaanguka: swali la kwanza, B. La pili, D. La tatu, A. Yote sahihi, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mama.

Mistari yao ikaanza kuingiliana. Nasma akaingia ndani, akatoka na mkeka wa pili.