Jeti ya Kushukia

Merle Stoddart alikuwa fundi pikipiki wa miaka sitini na miwili, na kule Halden, mji wa machimbo ulio juu kabisa milimani Kolorado, kabureta ambazo hakuwahi kuzifungua zilikuwa chache. Asubuhi hiyo ya Machi theluji ilikuwa bado imelala kando ya barabara. Alikuwa ameketi juu ya ndoo anakunywa kahawa, Lorna, binti wa marehemu kaka yake, akaingia gereji anasukuma pikipiki.

"Inakohoa, Anko. Nikivuta mafuta kidogo, inakwenda. Nikivuta yote, inakata. Nikivuta choki inafufuka."

"Choki inapunguza hewa. Ikipona kwa choki, ujue mafuta hayatoshi."

"Ungenifundisha hayo kwa simu, ningekuwa bado nimelala."

"Wewe? Tangu uzaliwe hujalala. Unahama lini?"

"Jumatatu. Nashuka nayo mpaka Nebraska."

Merle akaweka kikombe chini polepole. Pikipiki ile ilikuwa ya Dwight, kaka yake, baba wa Lorna. Alifia nayo miaka sita iliyopita, mwezi wa Agosti, kwenye barabara hiyohiyo ya Nebraska, kule tambarare. Mfukoni mwa tandiko yalikutwa makopo mawili ya bia, basi watu wakasema alilewa. Ilene, mkewe, aliamini, na tangu siku ile hakulitaja tena jina la mumewe.

Huko juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta hufungwa jeti ndogo, kijiti cha shaba chenye tundu la kupitishia mafuta. Ukishuka tambarare hewa ni nzito, na jeti ndogo haitoshi tena. Injini huchemka, pistoni ikanata, gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka. Ndiyo maana Halden mtu akiaga kwamba anashuka, fundi humfungia jeti kubwa ndani ya kikopo, akakitundika chini ya kiti, ili msafiri akaibadilishe kwenye kituo cha mafuta cha kwanza huko chini. Wao huiita jeti ya kushukia.

Merle alifungua kabureta. Akaitoa jeti, akaipuliza, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Namba mia na arobaini, safi, jeti ya mlimani hasa. Akapima boya linalodhibiti mafuta ndani ya kabureta. Akawasha injini, akanyunyizia petroli kidogo kuzunguka mpira wa kabureta, asikilize kama inavuta hewa ya pembeni. Mlio haukubadilika hata kidogo.

"Haina ugonjwa," alisema.

"Mwambie yeye, si mimi ninayekohoa."

Merle akatoka nayo kwenye barabara iliyonyooka mbele ya mgodi wa zamani. Akavuta mafuta yote, gia ya nne, kisha akazima akashika klachi, akaiacha iteleze kimya mpaka ikasimama. Akafungua plagi. Kwa jeti ile ilitakiwa iwe na rangi ya chai ya maziwa. Ilikuwa nyeupe kama chaki, dalili ya mafuta machache mno.

Akafunga mia na sitini. Milimani jeti hiyo ingeizamisha injini kwenye mafuta, itoe moshi mweusi. Pikipiki ilikwenda bila moshi, na plagi ikatoka nyeupe. Akafunga mia na themanini, kubwa kuliko zote alizokuwa nazo. Nyeupe tena, na safari hii na vidoa vya kijivu kama pilipili manga. Hiyo ni pistoni imeanza kuyeyuka.

Lorna aliinama karibu na chujio la hewa. "Anko, nje kuna theluji, lakini humu kunanukia ngano. Ngano iliyokatwa jana."

 Merle naye aliisikia harufu ile, na mkononi aliuhisi upepo ukiingia kwenye chujio. Ulikuwa wa moto, kama wa Agosti kule tambarare.

"Nipe mara moja tu," alisema, akapanda tena.

Alipofika mbele ya mgodi akazima, akashika klachi hadi mwisho. Klachi ikishikwa, injini na gurudumu hutengana, hata mtoto wa Halden analijua hilo. Gurudumu la nyuma likagoma. Pikipiki ikaburuzika hatua kumi, ikaandika mstari mweusi barabarani, kisha ikaachia taratibu, kama mkono ulioridhika. Merle akasimama na miguu miwili chini, vidole bado vimeganda kwenye klachi.

Aliirudisha kwa kuisukuma. Lorna aliuona mstari ule, akauona na uso wake.

"Umeumia?"

"Kaa hapo juu ya ndoo."

"Sikai. Sema."

"Baba yako hakulewa. Aliniambia anashuka, nami nilikuwa nasikiliza mpira redioni. Sikumfungia jeti ya kushukia. Jioni nikaikuta mezani, ndani ya kikopo chake. Nikawaza kupiga simu kwenye kile kituo cha mafuta, wamsimamishe. Nikaona aibu, fundi mzima. Nikasema, Dwight anaijua injini yake, ataisikia."

Lorna akaketi juu ya ndoo.

"Polisi waliponirudishia pikipiki, niliifungua. Pistoni ilikuwa imenata. Nikaweka mpya peke yangu, mlango nimefunga. Watu wakasema bia. Nikawaacha waseme."

"Mimi nimekua na hiyo bia," Lorna alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Shuleni, kanisani. Mama aliuza hata nguo za Baba. Alimkatalia jiwe la kaburi, Anko. Na wewe kila Krismasi unakuja kukata nyama ya bata mezani kwetu."

"Ndiyo."

"Ningeshuka nayo Jumatatu. Ungenifungia jeti ukanipungia mkono."

"Ningekufungia mbili," Merle alisema, kisha akaona alivyojibu kijinga.

Lorna akatoa simu, akabonyeza, akamwekea kwenye kiganja chenye grisi. Iliita mara nne.

"Ilene," alisema Merle. "Ni mimi. Ni habari ya Dwight."

Jina hilo halikuwa limetajwa nyumbani kwa Ilene kwa miaka sita. Merle akamweleza yote: redio, kikopo, kituo cha mafuta, pistoni. Alipomaliza alisikia kiti kikivutwa jikoni kwa Ilene, na mtu akiketi.

"Rudia," alisema Ilene. "Anza pale alipokuaga."

Merle akarudia.